Usiku wa Mei ukiwa mweupe, nafunika nyanya

Nimekulia Muheza, mkoani Tanga, na kwetu Muheza swali la kilimo ni moja tu, mvua imekuja au haijaja. Machungwa, mihogo, mbaazi, mchicha wa nyuma ya jiko, vyote vinangoja mvua, joto lenyewe lipo tu, sijawahi kusikia mtu kaamka asubuhi anajiuliza kama udongo umepata joto la kutosha. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa anahesabu miongo, yaani siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, ule mwaka mpya wa kalenda ya Waswahili, anajua mwongo fulani shamba liwe limeshasafishwa na mwongo fulani mbegu ziwe zimeshaingia chini, na alikuwa hakosei sana. Mimi nikaja St. Paul, Minnesota, mwaka 2017 nikiwa na hesabu za masika na vuli kichwani, nikiamini kulima ni kulima popote.

Aprili 2018 ndio nilianza kuelewa niko wapi. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia mbegu, maana Aprili kwetu masika imekolea na watu wako shamba. Tarehe 13 mpaka 15 ikapiga tufani ya theluji, inchi 15 hivi, kama sentimita 38, gari letu nje likabaki kichuguu cheupe. Nikasema basi, hawa watu wanalima saa ngapi?

Mwaka ule tulikuwa tunaishi ghorofani kwahiyo sikulima. Tulipokuja kupata nyumba ya kupanga yenye kauwanja nyuma ndio nikaingia kwa nguvu zote, na ndio nikapata pigo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naumia.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Mei. Joto lilikuwa limepanda siku nne tano mfululizo, watu wametoa kaptula, watoto wanacheza na mpira wa maji, na pale supamaketi wameshatoa miche nje imepangwa kwenye meza, nyanya, pilipili, biringanya, sasa mimi nikajua wakiuza maana yake wakati umefika. Nikanunua miche sita ya nyanya, miwili ya pilipili, na mbegu za bamia nilikuwa nazo. Nikachimba kule mwisho wa uwanja ambako kuna kabonde kidogo, kwasababu udongo wa pale ulikuwa mweusi na una unyevu, mtu wa Muheza akiona udongo ule hawezi kuuacha. Nikapanda Jumapili mchana, nikamwagilia, nikapiga picha nikamtumia mama.

Jumatano jioni ilikuwa jioni nzuri kuliko zote tangu tufike. Hakuna wingu hata moja, hakuna upepo, usiku ukaingia na nyota zimejaa kama ziko kijijini. Nilisimama pale mlangoni nikamshukuru Mungu kwa utulivu ule, nikalala.

Asubuhi saa kumi na mbili kasoro nikatoka na kikombe cha chai. Nyasi zilikuwa nyeupe. Sio theluji, theluji nilikuwa nishaizoea, hii ilikuwa kama mtu kapita usiku akanyunyiza chumvi ya mawe kwenye kila jani, na ukikanyaga inalia kwachu kwachu. Kumbe ndio sakitu, neno nililokuwa nalijua la kanisani tu, kwenye habari ya mana kule jangwani, sikuwahi kufikiria kama nitakuja kuliona kwa macho. Nikachuchumaa kwenye nyanya. Majani yalikuwa yamesimama magumu, ukiligusa jani ni kama kigae, vile vinywele vidogo vya kwenye shina kila kimoja kina punje ya barafu kwenye ncha, na harufu ya nyanya, ile harufu kali ya jani ukilifikicha, haikuwepo kabisa. Nikajipa moyo, nikasema jua likitoka zitarudi. Jua likatoka. Ilipofika saa tatu majani yalikuwa yamelainika, rangi imekuwa kijani cheusi cha maji maji, mfano wa mchicha uliochemshwa ukapitiliza, yananing'inia kwenye shina kama vitambaa. Mchana yakawa meusi. Miche yote sita, na pilipili zote mbili. Baadae nikaja kuelewa kwamba maji yaliyomo ndani ya jani yanaganda, yakiganda yanakwangua na kupasua zile chembe hai, kwahiyo barafu ikiyeyuka jani linabaki gunia lililotoboka, halishiki tena kitu.

Nikamtumia voisi wifi yangu, mke wa kaka, ambaye kwao Makete, kule nyanda za juu kusini. Nilitegemea anipe pole, na pole alinipa, lakini kwanza akaanza kuniuliza kama daktari.

"Pole wifi. Usiku kulikuwa kweupe, hakuna mawingu?"

Nikamwambia kweupe kabisa.

"Na upepo?"

Hakuna upepo.

"Ulipanda juu au bondeni?"

Nikamwambia kwenye kabonde, kule udongo mzuri.

"Basi wifi yangu, ndivyo inavyofanya. Huku kwetu Juni, Julai inaunguza viazi hivyo hivyo, na inaanzia bondeni. Mtu ana kinyungu chake, kashamba kake ka bondeni, kimeungua chote, wa mlimani hapo juu yake viazi vizima. Baridi ni nzito wifi, inashuka kama maji."

Nilikaa na ile voisi muda mrefu. Yaani mimi Mtanzania nimekuja mpaka Marekani ndio najifunza kwamba Tanzania kuna watu wanapambana na sakitu kila mwaka, Makete, Njombe, mpaka kwenye chai ya Mufindi, na sisi wa pwani hatujawahi hata kuwauliza wanafanyaje.

Kile alichosema wifi ndio kitu chenyewe, mengine yote niliyojifunza yamejengwa juu yake. Mchana udongo unakunywa joto la jua, usiku unalitoa. Kama juu kuna wingu, joto linarudishwa chini, wingu linakuwa blanketi. Kama mbingu ni nyeupe joto linapanda moja kwa moja linapotelea huko, na kama hakuna upepo wa kuchanganya hewa, ile baridi inatulia chini kabisa kwenye usawa wa nyasi, halafu inatiririka kutafuta bonde. Ndio maana simu inaweza kukuambia usiku huu nyuzi 36 za Farenhaiti, yaani kama mbili za Selsiasi, ukasema aah haijafika sifuri nalala, kumbe kile kipimo kinasomwa juu kwenye usawa wa kichwa cha mtu, kwenye jani huko chini imeshaganda. Idara ya hali ya hewa ya hapa wakiona usiku utakuwa mweupe umetulia na joto litacheza kati ya 33 na 36, wanatoa tahadhari ya sakitu. Ikionekana itafika 32, ambayo ndio sifuri ya Selsiasi, au chini ya hapo onyo linakuwa kubwa zaidi. Sikuwa najua hizo namba, leo hii naziota.

Kwahiyo bado natazama wingu kama nilivyokuwa natazama Muheza, ila nalitazama kwa haja nyingine. Kule nikiona wingu jioni naomba linyeshe. Hapa nikiliona jioni ya Mei naomba likae tu palepale lisiende mahali mpaka kupambazuke.

Jirani yetu mzee mmoja aliniona nang'oa ile miche meusi, akaja mpaka kwenye uzio. Wazazi wake walikuwa wakulima na babu zake walitoka Ujerumani, akanieleza kwamba huko kwao kuna watakatifu wa barafu, siku zao ni tarehe 11, 12 na 13 Mei, na wazee walikuwa hawatoi kitu kinachoogopa baridi mpaka watakatifu hao wapite. Hapa Minnesota wengi wanangoja Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na walio waangalifu zaidi wanasogeza mpaka Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Akaniambia na lingine, kwamba kuna watu wanaangalia mwaloni, majani yake machanga yakifika saizi ya sikio la kindi ndio wanapanda mahindi. Mwaloni upo mmoja mkubwa hapa mtaani, kindi ndio usiseme. Niliposikia hivyo nikamkumbuka bibi na miongo yake, nikaona kumbe watu ni walewale, kila mtu na mahali pake pa kuhesabia.

Kitu kimoja kinachowapoteza wageni wengi, na mimi kilinipoteza, ni zile kanda za ramani, yaani nchi ilivyogawanywa kwa ukali wa baridi. Ukiuliza mtandaoni kupanda nini Minnesota wanakuambia angalia kanda yako, na kwenye ramani mpya ya mwaka 2023 sehemu kubwa ya mji huu iko 5a, zamani ilikuwa 4b. Ni taarifa nzuri ukitaka kupanda mti wa matunda, kwasababu inakuambia katikati ya baridi joto huwa linashuka mpaka wapi, na mti gani utavuka. Kuhusu nyanya haikuambii kitu. Mahali pawili panaweza kuwa kanda moja na sakitu ya mwisho ikatofautiana hata wiki tatu. Unachotakiwa kujua ni tarehe za sakitu za pale pale unapoishi, na hata ndani ya uwanja mmoja kuna tofauti. Sasa hivi nyanya zangu ziko ubavuni mwa nyumba upande wa kusini, ukuta unapigwa na jua mchana kutwa na usiku unatoa joto lake taratibu. Kule kabondeni nimeiachia sukuma wiki.

Miche naianza mwenyewe ndani, sinunui tena. Mwisho wa Machi naweka mbegu za nyanya kwenye vikopo, pilipili na biringanya zinatangulia wiki mbili tatu kwasababu zinachelewa, nina taa mbili nimezifunga kwenye shelfu garajini karibu na bomba la joto. Mwaka wangu wa kwanza wa miche nilifanya kosa jingine. Miche imetoka vizuri, imenona, nikaibeba yote siku moja nikaiweka nje juani kutwa nzima. Majani yakababuka yakawa meupe kama karatasi, maana yalikuwa hayajawahi kuona jua la kweli wala upepo. Lazima uizoeshe. Siku ya kwanza saa moja kivulini, ya pili saa mbili, unaongeza mdogo mdogo, upepo uutingishe mche mpaka shina likaze, inachukua siku saba mpaka kumi. Mwanangu ndio kazi yake kutoa na kuingiza trei akitoka shule, anazijua kuliko mimi, ananiambia mama hii ya pembeni leo imelegea usiitoe.

Na kufunika nako nimejifunza kwa hasara. Mara ya kwanza nilifunika na nailoni, nikaitandaza juu ya mimea yenyewe, asubuhi kila jani lililogusana na nailoni limeungua na yasiyogusa mazima. Nailoni inapitisha baridi, kama huna budi kuitumia inue juu isiguse. Nguo ni bora. Nina khanga nyingi mama ananitumia, nyingine zimechakaa, nikaanza kufunikia hizo. Khanga moja ni nyepesi haitoshi, naweka doti nzima, upande juu ya upande, halafu juu yake shuka, na katikati nimechomeka vijiti au nimegeuza ndoo ili uzito usivunje miche. Cha muhimu nguo ifike chini mpaka kwenye udongo pande zote, ukandamize na mawe, maana unachokifunika ni lile joto la udongo, mche wenyewe hautoi joto. Watu wengi wanafunga nguo kwenye shina kama wanavisha mtoto kilemba, hiyo haisaidii, joto lote la chini linapita nje. Mchana wake mwagilia udongo, udongo wenye maji unabeba joto zaidi kuliko uliokauka. Na pembeni ya kila mche naweka galoni ya maziwa niliyoijaza maji, imekaa juani kutwa, usiku inatoa joto lake taratibu. Asubuhi ukifunua usichelewe, jua likipanda ndani mle kunakuwa jiko.

Sasa nisije nikawatisha, kuna vitu baridi haivitishi kabisa. Sukuma naipanda katikati ya Aprili na inapigwa na sakitu mbili tatu haina habari, tena ile ya Oktoba iliyopigwa na baridi ndio tamu, mmea unageuza wanga kuwa sukari ili usigande, ukiipika hutaki hata kuiungia nyanya. Spinachi hivyo hivyo, njegere, dania. Dania hapa lazima uiwahishe, joto la Julai likiikuta inatoa maua hapo hapo. Kitunguu saumu ndio kilinishangaza, kinapandwa Oktoba, unakifunika na nyasi kavu nyingi, kinalala chini ya theluji miezi yote ile, Aprili kinachomoza, Julai unavuna. Kinaitaka baridi, bila baridi hakigawanyiki vizuri kuwa punje.

Mchicha ni habari nyingine, mchicha ni wa joto kama sisi. Nilikuwa namwaga mbegu Mei mwanzoni zinakaa tu kwenye udongo baridi, nyingine zinaoza. Halafu nikagundua kwamba kwenye ufa wa simenti karibu na uzio huwa kunaota mchicha pori wenyewe, mashina chini yana wekundu, wa hapa wanaung'oa kama gugu. Huo haudanganyiki na siku mbili za jua. Ukianza kuota kwa wingi ndio na mimi namwaga wa kwangu, na wiki nne au tano nakula. Ndio mwongo wangu wa hapa.

Nimeshindwa na mbaazi tu, na hili limeniuma kuliko hata zile nyanya. Mtu wa Tanga bila mbaazi za nazi asubuhi na mahamri sijui anaanzaje siku. Nilinunua mbaazi nzima duka la Wahindi, nikapanda mwisho wa Mei, zikaota zote, zikapanda, mpaka Agosti zimenipita kimo, kijani kibichi, matawi kila upande. Kila siku naenda kuangalia ua, hakuna ua. Kumbe mbaazi nyingi zinangoja siku zifupike ndio zitoe maua, na hapa Juni jua linakaa juu saa 15 na nusu na zaidi, mchana haurudi kuwa chini ya saa 12 mpaka mwisho wa Septemba. Kwetu mwaka mzima mchana ni kama saa 12 hivi, mbaazi haisumbuki. Zikaanza kutoa vitumba vya njano wiki ya mwisho ya Septemba. Nilivihesabu, nilifunika na kila kitu nilichonacho usiku kadhaa, lakini miti mirefu vile huwezi kuifunika mpaka chini. Oktoba mwanzoni ikaja sakitu moja ya nguvu, asubuhi vitumba vyote vimekuwa vyeusi, sikupata hata ganda moja. Nililia, sitaficha. Nimesoma kwamba zipo aina fupi za kuwahi ambazo hazijali sana urefu wa siku, nazitafuta, mwenye kujua zinapatikana wapi hapa Marekani aniambie tafadhali.

Leo ni tarehe 17 Mei. Siku ya Mama imepita, watakatifu wa yule mzee wamepita, mwaloni majani yake yamezidi sikio la kindi, na juzi nimeshatoa miche 14 ya nyanya nimeipanda ukutani. Simu inasema usiku nyuzi 37. Saa mbili hii na jua ndio kwanza linashuka, nimetoka nje mara tatu kuangalia juu. Saa kumi na mbili kulikuwa na mawingu upande wa magharibi nikapata matumaini, sasa yameondoka yote, kweupe, na bendera ya jirani imeninginia haitingishiki. Nimemtumia wifi picha ya mbingu, amejibu neno moja tu, "Funika."

Mwanangu ameshashusha khanga kutoka kabatini, galoni ziko tayari. Naenda kutandika kabla udongo haujapoa.